Mistari Minne Mpaka Darajani

Mume wangu aliendesha malori miaka thelathini na moja na hakuwahi kupindua hata moja. Naanza na hili kwa sababu ndilo alilolisema yeye mwenyewe asubuhi ile, alipolipindua lori la kwenye simu mara tatu mfululizo, akaisukuma meza kwa mkono wake mzima na kugeukia ukuta.

"Thelathini na moja," alisema. "Hata tairi halijawahi kushuka lami. Iondoeni hiyo takataka."

Mimi nilikuwa kwenye kiti changu pembeni ya kitanda, sweta mapajani. Mjukuu wangu alikuwa amesimama mlangoni, mswaki mdomoni. Tukatazamana. Simu ile alikuwa ameihangaikia siku nne nzima ili babu yake afurahi.

Inabidi nirudi nyuma kidogo.

Kiharusi kilimpiga Mzee mwaka juzi, akiwa ameinama kufunga kamba za viatu. Upande wote wa kulia ukalala. Ulimi ulirudi baada ya miezi miwili, mguu ukarudi nusu, akawa anajikongoja kwa fimbo kutoka kitandani hadi dirishani. Mkono ndio uliogoma. Kila Jumatano alikuja mama mmoja kutoka kliniki, sisi tukimwita Bi Mazoezi, mpole wa maneno lakini vidole kama koleo. Alimletea Mzee kimpira laini akibinye mara mia kwa siku. Mzee alikibinya mara tatu, akakitupa chini ya kabati.

"Mimi si mtoto wa kunyamazishwa kwa mpira."

Bi Mazoezi alinifuata jikoni. "Mama, mkono usiposogezwa unasahau kazi," aliniambia kwa sauti ya chini. "Ukishasahau kabisa, mimi sina la kufanya."

Aliyepata la kufanya ni huyu mjukuu wangu wa kike, mtoto wa binti yangu, anayeishi nasi. Anatengeneza simu kwenye kibanda kilichopo nyuma ya kituo cha mafuta. Jina lake analo, ila tangu azaliwe tunamwita Chapuchapu, kwa maana alitoka kabla mkunga hajamaliza kuvaa glavu. Na hajabadilika. Chai anakunywa amesimama. Nikimtuma dukani hurudi kabla sijakumbuka nilichosahau kumwagiza.

Siku moja alikuja na simu ya zamani yenye kioo kipana, akaisimamisha kwenye kibao alichokata mwenyewe, akaiweka kwenye meza ndogo mbele ya babu yake. Ndani yake kulikuwa na mchezo wa lori. Pembeni ya kioo, upande wa kulia, kumechorwa usukani.

"Usukani gani huu, mdogo kama kifungo cha shati?" Mzee aliuliza.

"Babu, weka kidole gumba hapa. Vingine hapa. Zungusha."

"Gari lenyewe zima?"

"Limewaka tangu saa hizo, wewe ndiye umezima."

Mzee akacheka, kicheko cha kwanza tangu augue, akaunyanyua mkono wa kulia kwa kusaidiwa na wa kushoto na kuuweka kwenye kioo. Hakuutoa tena kwa mwaka mzima.

Kila asubuhi baada ya chai alipanda lori lake. Mimi hukaa naye nikifuma masweta ya shule, ndiyo kazi yangu tangu ujana, na macho yangu hayaendi kwenye simu. Nilikuwa namsikia tu. "Geti," anasema akitoka kwenye bohari. Halafu kimya kirefu, barabara imenyooka. "Daraja." Halafu "Kona," maana baada ya daraja kuna kona kali ya kushukia machimbo ya mawe, na hapo hata pumzi huibana. Akishapita husema, "Tumepona," kana kwamba na mimi nilikuwa nimekaa kule mbele naye. Mwanzo kidole gumba peke yake ndicho kilichokuwa kikifanya kazi. Ulipofika mwezi wa sita, vidole vinne vilikuwa vinaitikia, na asubuhi moja nilimkuta amefunga vifungo vya shati vyote isipokuwa cha shingoni. Nilirudi jikoni nikajifanya nakoroga chai.

Halafu, Jumatatu moja, mchezo ukajibadilisha wenyewe. Simu hizi zina tabia hiyo, unalala na kitu kimoja unaamka na kingine. Miti ipo, nyumba zipo, mawingu yapo. Barabara hakuna. Palipokuwa na barabara pamekuwa peusi tititi.

"Nimewahi kuendesha gizani taa zimekufa," Mzee alisema, "lakini shimoni sijawahi."

Chapuchapu aliishika ile simu, akaigeuza huku na huku, akaguna.

"Bibi, wewe ukiletewa oda ya sweta usilolijua, si unapewa karatasi ya maelekezo?"

"Ndiyo. Vitanzi vingapi, rangi ipi ianze, wapi upunguze."

"Basi ndani ya simu kuna kipande kinachochora picha zote. Hicho ni mikono yako. Mchezo ni mteja. Katikati kuna karatasi ya maelekezo, inaitwa draiva. Mteja sasa ameanza kuagiza mtindo mpya, karatasi iliyomo ni ya zamani, haiujui. Ikifika kwenye barabara inaacha tundu."

"Draiva ni mimi," Mzee alisema kutoka kitandani.

"Na wewe pia, Babu. Tulia."

"Basi badilisha karatasi," nikamwambia.

Akacheka. "Ndiyo shida. Aliyetengeneza simu ameifungia hiyo karatasi ndani na ufunguo ameondoka nao. Na hatengenezi mpya, simu hii kwake imeshazeeka. Itabidi niiruti."

Kuruti, alivyonieleza, ni kujitwalia ufunguo wa kile chumba cha ndani ilimofungiwa karatasi. Ukishaupata, simu ni yako kweli, unaweza kung'oa chochote na kupachika chochote, na ukikosea hakuna wa kukulaumu wala wa kukusaidia. Kuna watu huko mtandaoni, hawajuani hata kwa sura, ambao kazi yao ni kuandika draiva mpya kwa ajili ya simu zilizotupwa na wenyewe. Angechukua moja ya hizo, airekebishe ikubaliane na simu yetu.

"Na ukikosea inakuwaje?"

"Inakuwa tofali, haiwaki tena."

"Na lori la Mzee? Safari zake zote?"

"Zinaenda na tofali."

Nikaweka sindano chini. Nilimwonyesha sweta nililokuwa nalifuma, pale kifuani, palipopita uzi mwembamba mweupe katikati ya sufu ya bluu. "Unauona huu? Kabla sijaingia sehemu ngumu, napitisha uzi wa rangi nyingine kwenye vitanzi vyote vya mstari mmoja. Huko mbele nikiharibu, nafumua bila hofu, kwa sababu najua pale kwenye uzi patanishika. Nilianza kufanya hivi baada ya kufumua sweta la mtoto wa watu lote, hadi kwenye pindo, nikilia. Hicho chumba chako, umekipitishia uzi?"

"Bibi, itachukua muda."

"Mke mwenzangu, nani anakukimbiza?"

Akakunja uso, lakini akakaa. Nusu saa nzima, na kwake nusu saa ni kama mwezi, alinakili karatasi ya zamani na safari zote za Mzee, akaviweka kwenye kompyuta ya kibandani kwake. Na vizuri alivyofanya hivyo, kwa sababu Jumamosi mchana simu ilikwama kwenye nembo yake, inawaka inazima, inawaka inazima, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Chapuchapu alikuwa amekaa sakafuni, waya mapajani, jasho linamtoka puani.

"Nirudi kwenye uzi?" aliniuliza.

"Si ndiyo maana upo?"

Alirudi. Akaanza tena, na tena. Jumapili jioni, jua likiwa bado dirishani, alinyanyua ile simu juu kama kombe. Barabara ilikuwepo. Haikuwa barabara tu, ilikuwa na mistari myeupe katikati, na mashimo yenye maji, na ndani ya maji mawingu yanapita. Picha ilikuwa laini, haikatiki, lori linateleza kama limepakwa mafuta.

"Mara mbili, Bibi! Picha thelathini kwa sekunde! Ile ya zamani ilikuwa inajivuta na kumi na tano."

Hata mimi nilipiga makofi. Nalisema hilo ili lawama yote isimwangukie yeye.

Kesho yake Mzee akalipindua lori kwenye kona ya machimbo mara tatu, yakatokea yale niliyoyaeleza mwanzoni.

Siku mbili hakuigusa simu. Mkono akaurudisha chini ya shuka. Jumanne asubuhi nilimkuta anasubiri nimfunge vifungo, amekaa tu, shati wazi, hanitazami. Chapuchapu aliwaza lile nililokuwa nawaza mimi na ndiye aliyelisema, tukiwa tunaanua nguo.

"Bibi, mkono unazidi kuharibika."

"Nyamaza."

"Kile kiharusi kinarudi. Kabla barabara haijapotea alikuwa anaipita ile kona kila siku."

Nilimwambia anyamaze tena, lakini vibanio vilikuwa vinanianguka.

Jumatano Bi Mazoezi alikuja na kile kifaa chake cha kupimia nguvu za kiganja, kina mshale kama wa mizani. Mzee alikibinya bila hamu, uso ukutani. Bi Mazoezi akasoma, akampa tena, akasoma tena.

"Mbona mmenitisha?" akasema. "Uko pale pale. Tena umepanda kidogo."

"Una uhakika?"

"Mama, mshale hauna sababu ya kunidanganya."

Alipoondoka nilikaa kwenye kiti changu. Mkono haujaharibika. Barabara imerudi. Lori ni lile lile. Sasa kwa nini? Nikamwomba Mzee aendeshe mara moja tu, asifike kwenye kona, aishie darajani kisha azime. Alikataa. Nikamwomba tena baada ya chakula, akakataa tena, ila sauti ilikuwa imepungua. Mara ya tatu sikusema kitu, nilimsogezea meza tu na kuanza kufuma. Mimi huweza kukaa hivyo muda mrefu.

"Mpaka darajani," akasema hatimaye. "Kwa ajili yako."

"Geti," nikamsikia. Nikafuma mstari wa kwanza. Nikageuza, nikafuma wa pili, nikawa natafuta kitanzi cha mwisho.

"Daraja."

Nikainua macho. "Umefika?"

"Si unaliona?"

Nikatazama sweta. Mistari miwili. Mwaka mzima nimekaa hapa, masweta yote ni ya saizi moja, vitanzi ni vile vile, na mikono yangu haijui kukimbia. Kutoka getini hadi darajani ilikuwa mistari minne. Sikuwahi kuihesabu kwa makusudi, ila mtu anayefuma hesabu humwingia mwilini. "Daraja" lilikuwa likinikuta nikimaliza wa nne, siku zote, hata nilikuwa nikilisubiri ndipo ninywe chai yangu iliyopoa.

Chapuchapu aliporudi kutoka kibandani sikumwacha hata avue viatu.

"Rudisha karatasi ya zamani."

"Bibi, ile ina tundu jeusi!"

"Nataka uende nayo hadi darajani. Barabara imenyooka, huna haja ya kuiona. Shika tu usukani."

Akanitazama kama nimechanganyikiwa, lakini aliirudisha, na kwa sababu uzi ulikuwepo haikumchukua muda. Tukaenda kukaa jikoni. Yeye akaendesha kwenye ule weusi, mimi nikafuma. Mstari wa kwanza. Wa pili. Wa tatu alianza kutikisa mguu.

"Hii simu ilikuwa inatambaa hivi? Babu alivumiliaje?"

"Endesha."

Nilikuwa kwenye vitanzi vya mwisho vya mstari wa nne matao ya chuma ya daraja yalipotokea. Nikamwonyesha sweta, nikamweleza. Aliihesabu mistari kwa ncha ya kidole, mmoja mmoja. Chapuchapu akienda polepole ujue kichwa kinamwenda mbio.

"Mjinga mimi," akasema. "Aliyetengeneza mchezo huu ameufunga kwenye picha. Kila picha moja, gari linasogea hatua moja. Simu ilipokuwa nzito, gari nalo lilikuwa zito, na Babu alikuwa na muda wa kuzungusha usukani. Mimi nimeongeza picha mara mbili, nimemwongezea na mwendo mara mbili." Akafuta pua kwa kiganja. "Bibi, nilimwona kila siku. Nilidhani anafurahia mchezo na ubovu wa simu anauvumilia tu. Kumbe ule ubovu ndio uliokuwa unamsubiri."

"Inaweza kupunguzwa?"

"Draiva ni yangu sasa. Naweza kuiambia isichore zaidi ya picha fulani. Mstari mmoja tu wa maandishi."

Akairudisha ile mpya, yenye barabara. Akaandika ishirini. Tukapima: mistari mitatu. Akaandika kumi na tano. Mistari minne kamili, na madimbwi ya maji na mawingu yakiwa humo humo. Nimefuma masweta mengi maishani, lakini lile la jioni ile, nusu yake ilifumwa kwa ajili ya kupima barabara.

Halafu akasema, "Tusimwambie."

Niliosha vikombe viwili ambavyo vilikuwa safi. Yule mtu alikuwa ametoka kuamini kwamba mwili wake umemsaliti mara ya pili. Akiambiwa lilikuwa kosa la simu, atapona moyo. Lakini atajua pia kwamba mwaka mzima alikuwa akiendesha lori la mgonjwa. Na tusipomwambia, atafurahi juu ya kitu ambacho sisi wawili tunakijua na yeye hakijui, kila asubuhi, mimi nikiwa nimekaa pale pale pembeni yake. Sikujua lipi ni baya zaidi. Nikamwambia Chapuchapu tusubiri tuone.

Asubuhi nikamsogezea meza. "Mpaka darajani tu," nikasema.

"Geti," akasema, kwa uchovu.

Mstari wa kwanza, wa pili. Chapuchapu alikuwa amechelewa kazini kwa makusudi, amesimama mlangoni na kikombe. Wa tatu. Mzee alisogea kidogo kwenye mto. Wa nne.

"Daraja."

Hakusimama. Nikasikia pumzi inabanwa, nikaona vidole vinne vya mkono wa kulia vinatambaa kwenye kioo, polepole, vinazunguka, vinashika tena, vinazunguka. Mstari wa tano sikuufuma.

"Tumepona," akasema.

Chapuchapu alipiga kelele hadi chai ikamwagika. Mzee hakupiga kelele. Alilisimamisha lori pembeni ya barabara, akaondoa mkono, akanitazama mimi.

"Hili gari leo zito."

Mjukuu wangu akawa anaangalia dari, bingwa wa kujitia hamnazo. Ningeweza kusema, pengine ni mkono wako umepata nguvu. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini nimelala kitanda kimoja na mtu huyu miaka arobaini na mitatu.

"Tumelipunguza," nikasema. "Chapuchapu alipotengeneza barabara alilifanya liende mbio mara mbili kuliko zamani. Hukuharibika wewe. Lilikuwa linakimbia. Sasa tumelirudisha kwenye mwendo wa mwanzo, na huo mwendo wa mwanzo ulikuwa wa polepole, Mzee, kuliko magari ya wenzako."

Nje, mtu alikuwa anaburuta geti la chuma.

"Nilijua tangu getini," akasema. "Gari mimi nalisikia kwa makalio. Mlitaka kunificha?"

"Yeye alitaka. Mimi nilikuwa sijaamua."

"Babu, nisamehe..."

"Wewe nyamaza, mchumba, unamwaga chai." Akayarudisha macho kwenye simu, akaitazama ile barabara na madimbwi yake kwa muda. "Lori likienda polepole kuna sababu mbili. Bovu, au limebeba." Akaweka kidole gumba kwenye usukani. "Hili si bovu. Naona limepakiwa saruji."

"Mifuko mingapi?" Chapuchapu aliuliza.

"Kwa uzito huu? Mia tatu haipungui. Na mnanipeleka nalo kwenye kona ya machimbo bila hata kuniambia. Watu gani nyinyi!"

Akaendelea na safari. Mimi nikatafuta kitanzi nilichokuwa nimekiacha.

Tangu hapo yapata miezi mitano. Kila baada ya majuma sita hivi, Mzee humwita mjukuu wake na kumwambia, "Shusha mifuko ishirini," na Chapuchapu huiunganisha simu na waya wake, huongeza picha moja, kisha hukaa chini, hunitazama mimi. Mimi hupima. Kuna wiki tulishusha mapema mno, lori likalala ubavu, Mzee akasema pakieni tena, wala hakugeukia ukuta. Kimpira cha Bi Mazoezi bado kiko chini ya kabati; nimekisikia kikibingirika nikifagia.

Leo asubuhi alikuwa amefunga kifungo cha shingoni. Hakunionyesha na mimi sikumwuliza. Nilikaa, nikachukua sufu, nikasikia "Geti." Nilimaliza mstari wa tatu, nikageuza sweta, nikaanza wa nne, na sijafika hata katikati, sindano bado iko hewani, nikasikia:

"Daraja."